Kipaza Sauti Hakikumwokoa Casagrande

Jioni ya Julai 15, 2018, mvua iliwanyeshea mabingwa wa dunia pale Luzhniki, Moscow. Ufaransa 4, Croatia 2. Wachezaji walikuwa wanaserereka kwenye majani yaliyolowa, na marais wawili walikuwa wanakumbatia watu huku nguo zikiwagandia mwilini. Ndani ya chumba cha matangazo cha Globo, runinga kubwa kuliko zote Brazil, Galvão Bueno alikuwa anafunga kazi ya mwezi mzima. Huyu ndiye mtangazaji ambaye Wabrazil wamelia na kushangilia na sauti yake kwa miongo kadhaa. Pembeni yake aliketi mchambuzi mmoja mrefu, nywele ndefu zimejaa mvi, umri miaka 55. Zamu ya kuaga ikamfikia.

Hakumtaja Mbappé wa Ufaransa wala Modrić wa Croatia. Walter Casagrande Júnior aliwaambia mamilioni ya watu waliokuwa sebuleni kwao kwamba hilo lilikuwa Kombe la Dunia muhimu kuliko yote maishani mwake. Alikwenda Urusi na azma moja: afike bila kilevi, akae bila kilevi, arudi nyumbani bila kilevi. Na ilikuwa mara yake ya kwanza kufanikiwa. Sauti ikamkatika, machozi yakamtoka.

Nimeitazama ile dakika mara nyingi kuliko bao lolote la fainali ile. Kila ninapoitazama nakwama palepale, kwenye neno "kwanza". Huyu ni mtu aliyecheza Kombe la Dunia mwaka 1986 kule Mexico, kisha akayatangaza mashindano hayo kuanzia 1998. Anguko lake kubwa, lile lililomfikisha hospitalini, lilikuwa mwaka 2007. Kutoka 2007 hadi 2018 ni miaka 11, na katikati yake kulikuwa na Kombe la 2010 na la 2014. Kwa hiyo aliposema "kwanza", alikuwa anakiri mbele ya taifa kwamba hata baada ya kutibiwa, hata baada ya kurudi kazini na kupigiwa makofi, safari haikuwa imenyooka.

Naandika haya kwa sababu hadithi za wachezaji walioanguka tunazisimulia vibaya. Tuna mtiririko wetu tuliouzoea: nyota anang'ara, anapotea, anapewa kipaza sauti, anaokoka. Studio inageuzwa kuwa wodi ya kupona, mshahara wa runinga unakuwa dawa. Kwa Casagrande mtiririko huo hausimami hata kwa dakika moja, kwani alipoanguka tayari alikuwa na kipaza sauti mkononi. Alijiunga na Globo mwaka 1997, muda mfupi baada ya kutundika daluga. Alitangaza fainali za Ufaransa, za Japan na Korea Kusini, na za Ujerumani. Miaka kumi mizima ya kuonekana na kulipwa vizuri, na ndani ya miaka hiyohiyo kumi kokeini na heroini zilikuwa zinamla.

Asiyemfahamu aanze na Corinthians ya mwaka 1982. Brazil ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964. Katika klabu hiyo ya jijini São Paulo, klabu ya watu wa kawaida kabisa, kulitokea jambo ambalo mpira haujalirudia tena kwa namna ile. Wachezaji walianza kupiga kura, na kila kitu kikapigiwa kura: saa ya chakula, saa ya mazoezi, nani asajiliwe, na kubwa zaidi, kama kuna haja ya watu wazima wenye wake na watoto kufungiwa kambini siku mbili kabla ya mechi. Kura ya nahodha ilikuwa moja, ya mtunza vifaa moja. Wakaiita Demokrasia ya Corinthians. Novemba mwaka huo, nchi ilipokuwa inaelekea kuchagua magavana wa majimbo, timu iliingia uwanjani na jezi zenye maandishi mgongoni yanayowahimiza watu kwenda kupiga kura tarehe 15. Fikiria ujasiri wa kitu hicho: utawala wa kijeshi, na mgongo wa straika unakwambia kapige kura.

Vichwa vya harakati hizo vilikuwa Sócrates, daktari wa tiba kwa taaluma na kiungo mwenye akili ya ajabu. Wladimir, beki wa kushoto aliyekuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Na kijana wa miaka 19, mrefu kama mnazi, aliyependa muziki wa roki na kuchukia kuamrishwa. Huyo kijana ndiye Casagrande. Msimu huo alifunga mabao 28 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya jimbo la São Paulo. Corinthians wakawa mabingwa 1982, wakarudia 1983.

Baadaye alikwenda Ulaya, Porto ya Ureno kwanza, kisha Italia, miaka minne Ascoli na miwili Torino. Ukitaka kujua alikuwa mchezaji wa aina gani, tafuta nusu fainali na fainali ya Kombe la UEFA ya 1992. Alifunga kwenye uwanja wa Santiago Bernabéu dhidi ya Real Madrid. Fainali ya kwanza, Turin, Ajax ya Louis van Gaal ilitangulia mara mbili, na mara mbili Casagrande akasawazisha: 2-2. Wiki mbili baadaye Amsterdam mpira ukaisha bila bao, Torino wakigonga miamba mara tatu, moja ikiwa kazi yake mwenyewe. Kocha Emiliano Mondonico akanyanyua kiti juu ya kichwa chake kwa hasira ya penalti waliyonyimwa, picha ambayo mashabiki wa Torino wanaitunza mpaka leo. Kombe likaenda Ajax kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Sentimita chache tu za mbao, na leo tungekuwa tunamtaja kama mtu aliyeipa Torino Kombe la UEFA.

Dawa za kulevya zilikuwepo tangu enzi za ujana, na baadaye alifika hadi kwenye sindano. Haya ameyasema mwenyewe, hadharani, mara nyingi, na hakumsingizia mtu. Kwa hiyo hata ile kauli kwamba mchezaji huanguka kwa sababu mpira umemwacha inahitaji kuangaliwa upya. Wengine huanza kuanguka wakiwa bado wanafunga. Mpira huwa unawafunika tu. Kuna daktari wa timu, kuna saa ya mazoezi, kuna kupimwa, kuna mwili wenye miaka 25 unaosamehe kila kitu. Siku daluga zinapotundikwa, kifuniko hicho kinaondoka, na kilichokuwa chini yake kinaonekana.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu kazi ya uchambuzi yenyewe, kwa kuwa nadhani wengi hawalioni. Kazi hii humhitaji mtu kwa saa chache tu kwa wiki. Ukifika studio saa moja kabla ya mechi umenyoa, umevaa koti, ukaongea kwa ufasaha dakika 90 na nyongeza, umemaliza. Siku zinazobaki ni zako. Mchezaji hawezi kujificha kwa namna hiyo. Akikesha Alhamisi, Jumamosi miguu inamuumbua mbele ya watu elfu 40. Mchambuzi anaweza kukesha siku nne na Jumapili akaongea vizuri, hasa kama ana kipaji, na Casagrande alikuwa nacho tele. Kwa mtu mwenye uraibu, hiyo ni kazi ya hatari. Inampa fedha, inampa jina, inampa muda mtupu, na haimuulizi lolote. Waliokuwa wanampa kipaza sauti walimpenda, sina shaka. Lakini taa za studio huangaza uso tu.

Septemba 2007 uso nao ukashindwa kuficha. Alipata ajali ya gari jijini São Paulo, gari likapinduka. Kabla ya hapo alikwisha kuzidisha dozi zaidi ya mara moja na kuponea chupuchupu. Alikuwa amefika mahali pa kuona mashetani ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hayo pia ameyaeleza bila kuficha: yalikuwa yanamtokea, anayaona kama ninavyoiona meza hii. Aliyefanya uamuzi alikuwa mwanawe. Kijana alisaini baba yake alazwe, baba apende asipende. Akakaa ndani kama mwaka mzima, muda mrefu wa mwanzo akiwa amekatwa na dunia ya nje.

Nalikazia jambo la mwana kwa sababu katika simulizi zetu huwa tunampa sifa mwajiri, au mchungaji, au mke mpya. Hapa kijana alilazimika kumfungia mlango baba ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la utani, Casão. Nani kati yetu ana ubavu huo? Watu waliokuwa wanamwita Casão barabarani walitaka picha naye. Mwanawe alitaka awe hai.

Kituo cha Globo nacho kilifanya jambo moja ambalo nalihesabu kuwa kubwa: kilimrudisha. Hakikumwita kama mgeni wa siku moja aje kulia mbele ya kamera kisha apewe kikombe cha kahawa na kwaheri. Casagrande alirudi kwenye kiti chake, kwenye kazi yake ya zamani, ya kueleza kwa nini mabeki wamechelewa kupanda na kwa nini namba tisa hapati mpira. Siku za mwanzo alikuwa anafuatana na mtaalamu wa saikolojia hata anapokwenda kwenye shughuli za kawaida, kama mchezaji anayetoka kwenye jeraha la goti anavyofuatana na daktari wa timu. Hilo ndilo lililobadilika. Kabla ya 2007 alikuwa na kipaza sauti peke yake. Baada ya hapo alikuwa na kipaza sauti, na familia inayojua ukweli, na wataalamu, na ratiba, na bosi anayefahamu anamwajiri nani.

Mtu akinibishia kwamba natia chumvi, kwamba kazi ya runinga yenyewe inatosha, nitamwambia amtazame Sócrates.

Walikuwa jezi moja, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, msimamo mmoja wa siasa. Sócrates alipoacha mpira naye alipata pa kusemea. Aliandika magazetini, akaketi kwenye kipindi cha uchambuzi cha runinga ya TV Cultura, na alisikilizwa kwa heshima kuliko karibu mchezaji yeyote wa kizazi chake, daktari na mwanafalsafa wa mpira. Ugonjwa wake ulikuwa pombe. Pombe ina bahati mbaya ya kuwa halali na ya kupendeza mezani. Hakuna aliyemuona anajidunga. Walimwona na glasi, anacheka, anaongea mambo ya maana, na hilo likahesabiwa kuwa sehemu ya haiba yake. Mwaka 2011 ini lilipomwangusha, akalazwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati ya kulazwa huko alikubali hadharani kwamba pombe ndiyo iliyomfikisha pale. Muda ulikuwa umebaki mchache.

Alifariki alfajiri ya Jumapili, Desemba 4, 2011, akiwa na miaka 57. Siku hiyohiyo Corinthians walikuwa na mechi ya mwisho ya ligi, dabi na Palmeiras pale Pacaembu. Kabla ya filimbi, wachezaji walisimama kuzunguka duara la katikati, kila mmoja amenyanyua mkono wa kulia juu, ngumi imefungwa, kama Sócrates alivyokuwa akishangilia mabao yake. Uwanja mzima ukanyanyua ngumi nao. Mechi ikaisha 0-0 na Corinthians wakawa mabingwa wa Brazil.

Marafiki wawili, vipaza sauti viwili. Aliyeonekana kuwa ndiye mbaya zaidi, teja wa sindano, ndiye aliyebaki hai. Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu ninaloliona ni kwamba ubaya wa Casagrande ulionekana. Uliwatisha watu wake kiasi cha kuwalazimisha watende. Ubaya wa Sócrates ulikuwa na adabu, ukaachwa uendelee. Sisemi kwamba mwanawe Casagrande alimpenda baba yake kuliko watu wa Sócrates walivyompenda yeye. Nasema gari lililopinduka haliwezi kufichwa, na glasi ya bia inafichika hata ikiwa mkononi mbele ya kamera.

Tazama pia alichokifanya Casagrande na sauti yake baada ya kurudi. Mtu aliyesamehewa mara nyingi huwa mpole kupita kiasi, anaogopa kuudhi, anajua kwamba yeyote anaweza kumchomolea historia yake. Yeye hakuwa hivyo. Akawa mmoja wa wakosoaji wakali wa Neymar, nyota mkubwa wa Brazil, enzi ambazo kumgusa Neymar kulikuwa kama kumgusa mtoto wa mfalme. Na wakamchomolea kweli historia yake, hawakukosa. Mwaka 2020, Raí, mdogo wake Sócrates na wakati huo kiongozi wa soka katika klabu ya São Paulo, alimkosoa hadharani Rais Bolsonaro kwa jinsi alivyoiongoza nchi wakati wa korona. Mchambuzi mwenzake Casagrande, Caio Ribeiro, akasema hadharani kwamba Raí angebaki kwenye mambo ya mpira. Casagrande akamjibu hadharani kwamba Raí ana haki ya kusema kama raia mwingine yeyote.

Sikia hiyo vizuri. Miaka 38 baada ya jezi ya kupiga kura, mwenye jezi yu bado hai, ana akili timamu, na anamtetea mdogo wa rafiki yake aliyekufa. Hicho ndicho kilichookolewa São Paulo mwaka 2007. Pamoja na uhai wa mtu mmoja kuliokolewa kumbukumbu, msimamo, na jicho la mpira lililofunzwa kwenye viwanja vya nchi tatu. Aliondoka Globo katikati ya 2022, baada ya robo karne, na akaendelea kuandika na kusema kwingine. Wengi walikuwa na maoni juu ya kuondoka kwake. Mimi niliona tu kwamba aliondoka kwa miguu yake.

Sasa nirudi nyumbani, kwani jambo hili halikunivuta kwa sababu ya Brazil peke yake.

Sisi wa pwani hii, kuanzia Dar es Salaam hadi Unguja, Tanga, Mombasa na Malindi, tunaijua heroini kwa jina la mtaani, unga, na aliyenaswa nayo tumempa jina linalomfunga: teja. Neno hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ukishaitwa teja hutarajiwi kuwa kitu kingine. Anayeugua malaria akipona haitwi tena mgonjwa, lakini teja aliyeacha miaka mitano bado mtaani ni "yule teja aliyeacha". Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, Muhimbili mwaka 2011, huduma ikasambaa hospitali nyingine, na Zanzibar wana nyumba zao za soba, makazi ya wanaoacha unga, zinazoendeshwa na watu waliopita njia hiyohiyo. Dawa ipo, watu wanapata nafuu. Hatuna kiti cha kumrudisha mtu akae.

Kuna winga mmoja wa zamani ninayemfahamu, jina lake nalihifadhi. Alicheza ligi kuu, akanaswa na unga, akapotea karibu miaka minane. Sasa yuko kwenye methadoni, mwaka wa tatu. Kila asubuhi anafika dirishani, anataja namba yake, anapewa kikombe kidogo cha dawa, anakinywa mbele ya muuguzi, anaongea neno moja au mawili ili ionekane amemeza, anaondoka. Kila siku, Idi iwepo au Krismasi. Jioni huwa tunakutana kwenye ndondo, mechi za mtaani, huku Temeke, tunasimama nyuma ya goli. Siku moja, dakika ya kumi tu ya mchezo, akaniambia bila kugeuza shingo: "Kaka, mtazame beki mbili wao. Akipewa mpira anaangalia chini kwanza. Winga akimfuata pale anapoangalia chini, keshakwisha." Nikamtazama yule beki kipindi kizima. Mara saba aliangalia chini. Nilikuwa nimeandika habari za mpira miaka mingi na sikuwa nimeliona.

Mwaka jana redio moja ilimwita. Nilimsindikiza kwa furaha, nikidhani wameona ninachokiona. Wakamvisha vipokea sauti, wakamuuliza alianza lini kutumia, aliuza nini cha nyumbani, mama yake alilia vipi. Alipotaka kueleza jinsi alivyokuwa akimsumbua beki fulani maarufu wa enzi zake, mtangazaji alimkata kwa upole na kumwomba awape vijana ushauri. Dakika 20. Wakampa nauli, wakapiga naye picha. Njiani hakulalamika. Alisema tu, "Hawakuniuliza mpira." Siku ile ilikuwa ya Simba na Yanga, na kipindi kizima kilichofuata walikuwa wanabishana juu ya mabeki wa pembeni.

Nikisema hivi sitaki ieleweke kwamba redio zetu zina watu wabaya. Walimhurumia kwa dhati. Lakini huruma ilikuwa ndiyo yote waliyokuwa nayo, na huruma huisha kipindi kinapoisha. Casagrande alirudishwa kwa sababu alijua mpira, akalipwa kwa kujua mpira, na ile siku ya Moscow alipoamua kusema habari za kilevi, alisema kwa hiari yake, kwa wakati wake, mwisho wa kazi, baada ya kuchambua mashindano mazima. Hakuombwa kulia. Ndiyo maana machozi yale yalikuwa na uzito.

Na najua pingamizi litakalokuja: akirudi kutumia je? Anaweza. Casagrande mwenyewe alihitaji miaka 11 kufikia Kombe moja bila kilevi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa kazini. Mchezaji mwenye goti bovu naye anaweza kuumia tena, na bado klabu zinasajili, zinaweka kipengele kwenye mkataba, zinaweka daktari pembeni. Kwenye mkataba wa mtu wa aina hii vipengele vinavyohitajika si vingi: mtu mmoja wa kliniki anayejulikana na bosi, siku za mapumziko zisizomwacha peke yake muda mrefu, mshahara unaopitia mikono ya anayemwamini kwa miezi ya mwanzo kama mwenyewe ataridhia, na makubaliano ya wazi kwamba akiteleza atatoka kwenda kutibiwa na kiti kitamngoja.

Nimemwandikia mhariri mmoja wa michezo kuhusu winga wangu. Nimemweleza kila kitu, pamoja na yule beki aliyeangalia chini mara saba. Amenijibu kwa kuuliza swali moja, na ni swali la mtu anayefikiria kweli: asubuhi ataweza kufika? Dirisha la dawa hufunguliwa mapema, na yeye huwa miongoni mwa watu kumi wa kwanza kwenye foleni. Saa moja na nusu anakuwa amekwishamaliza. Kipindi kinaanza saa tatu. Jumatatu iliyopita nilikwenda naye kliniki, na alipomaliza tukapanda daladala ya kwanza, tukashuka, tukavuka barabara, tukapanda ya pili, tukatembea hadi kwenye geti la kituo cha matangazo cha yule mhariri. Saa yangu ilikuwa inasema saa mbili na dakika 35.